Indian ya Kamal Haasan: picha la rushwa lililonishika hadi mwisho

Kama unatafuta picha la Kitamil la mapigano linalozungumzia rushwa, anza na Indian ya mwaka 1996, iliyoongozwa na S. Shankar. Ni picha la fedha nyingi na linaonekana hivyo: muziki ni wa A. R. Rahman, wimbo mmoja umepigwa Australia, na mtaalamu wa vipodozi Michael Westmore aliletwa kutoka Hollywood kumzeesha mwigizaji mkuu, Kamal Haasan. Lakini kilichonishika mimi ni mzee mwenyewe. Anaichukia rushwa kiasi kwamba hata damu yake haisalimiki. Tahadhari: nitaeleza mambo muhimu ya hadithi.

Kamal anacheza watu wawili. Senapathy ni mzee aliyepigania uhuru wa India katika jeshi la Subhas Chandra Bose, na sasa anawaua kwa kisu maofisa wala rushwa. Chandru ni mwanawe, kijana anayehangaika nje ya ofisi ya usafirishaji akiwasaidia watu kupata leseni kwa njia za mkato. Uigizaji huu ulimpa Kamal tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, na kwa maoni yangu alistahili. Ukimwangalia mzee anavyotembea na kijana anavyocheka, unasahau kuwa ni mtu yuleyule.

Sehemu iliyoniumiza ni ya Kasturi, binti wa mzee. Ameungua moto, anakimbizwa hospitali, na daktari anataka hela kwanza. Polisi naye anataka chake kabla ya kuandika taarifa. Chandru yuko tayari kulipa dada yake apone. Baba anakataa, hatoi hata rupia moja, na binti anafariki. Nilimkasirikia daktari, halafu nikamkasirikia na mzee pia, na sijui kama hasira ile ya pili imeniisha. Shankar hakulainisha kitu hapo. Baadaye Senapathy anamfuata daktari huyo na kumuua mbele ya kamera za televisheni, moja kwa moja hewani, baada ya kumlazimisha akiri.

Halafu Chandru anapata kazi ya kukagua magari. Anapokea hela, anapitisha basi lenye breki mbovu, na watoto wa shule wanakufa. Kuanzia hapo hakuna tena adui wa kuzomewa, kuna baba na mwana. Mama, anayechezwa na Sukanya, anamlilia mumewe asimuue kijana wao, na mimi nilikuwa upande wa mama. Siungi mkono kisu. Ila mapicha mengi ya aina hii humpa steringi adui wa mbali, tajiri mwenye walinzi, akishapigwa mambo yameisha. Hili linamuuliza mtazamaji angefanya nini kama mla rushwa angekuwa mwanawe.

Kasoro zipo. Urefu wake unapita saa 3, na nyimbo za mapenzi za Chandru na wasichana wawili, Manisha Koirala na Urmila Matondkar, zinakatiza hadithi pale inapopata kasi. Vichekesho vya Goundamani na Senthil vingepunguzwa nusu. Nedumudi Venu, kwa upande mwingine, ni mpelelezi mtulivu mwenye akili, na kila anapokutana na Senapathy unakaa ukingoni mwa kiti kwa hamu. Usiwawekee watoto wadogo, maana mauaji ni mengi na yanaonyeshwa wazi.

Mwendelezo wake, Indian 2, ulitoka Julai 2024. Wazo lake ni zuri sana: mzee anarudi na kuwaambia vijana waanzie nyumbani, wawafichue wazazi na ndugu zao wanaokula rushwa. Nilitamani wakae hapohapo, kwenye meza ya chakula ya familia iliyogawanyika. Badala yake inakimbilia adhabu moja baada ya nyingine, matajiri wenye majumba ya dhahabu, na Kamal anafukuzwa barabarani akiwa juu ya baiskeli ya tairi moja. Siddharth anajitahidi kama kijana aliyemwita mzee arudi, na familia yake ndiyo inayobeba sehemu bora ya filamu nzima, ila haikupewa muda wa kutosha.