Mossberg 500 Super Bantam, geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu): shotigani ya kwanza kwa kijana mwenye umbo dogo

Kinachomshinda kijana mara nyingi ni kitako kirefu. Cha bunduki hii hurekebishwa: kutoka triga hadi mwisho wa kitako ni inchi 13, na ukitoa kipande cha kati ni 12. Kishikio cha mbele kimesogezwa nyuma, mkono mfupi unakifikia. Hicho ndicho huvutwa nyuma na kurudishwa mbele kuingiza risasi inayofuata; asipokivuta hadi mwisho, bunduki hukwama. Tunaipendelea kuliko zile nyepesi za risasi moja, maana teke la hizo nyepesi ni kali mno. Anza na risasi za gramu 25 za marisau, magnum, zile zenye nguvu zaidi, ziache. Na tafadhali, risasi za njano za geji 20 zisikae mfuko mmoja na za 12, ambazo ni nene zaidi: ya 20 ikiingia mtutu wa 12 huteleza na kunasa ndani, ukifyatua ya 12 nyuma yake mtutu hupasuka.