Rimidio ya bure shule ya serikali, na maktaba wakati wa likizo: uzoefu wangu

Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya msingi ya serikali huku Manzese, Dar es Salaam. Jioni anabaki shuleni kwa rimidio ya kusoma, yaani masomo ya ziada kwa watoto waliobaki nyuma, na likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nampeleka Maktaba Kuu ya Taifa. Wazazi wenzangu wananiuliza kama inasaidia au ni kumchosha mtoto tu, kwa hiyo naeleza nilichokiona.

Rimidio imemsaidia sana. Darasa la kwanza na la pili mkazo ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akifika la tatu masomo yanaongezeka, na kama hajui kusoma, hata hesabu inamshinda kwa kuwa swali lenyewe halisomi. Wangu alikuwa anabahatisha: akiona "mb" mwanzoni anasema "mbuzi", kumbe imeandikwa "mbegu". Darasani wamejaa, mwalimu atamsikiliza nani amwache nani?

Jioni hawakai kwa madarasa. Mwalimu alimpima kila mtoto kusoma peke yake, kisha akawapanga: wa silabi huku, wa maneno kule, wanaoweza aya upande mwingine. Utamkuta wa darasa la tano amekaa na wa la pili. Siku moja niliomba kukaa nyuma nione. Mwalimu ana kipande cha boksi, anafunika neno zima halafu anakisogeza taratibu, mtoto anatamka silabi ile tu iliyojitokeza. Hapo huwezi kubahatisha. Na akikosea hachekwi, maana kundi zima linahangaika na kitu hichohicho. Naamini hilo ndilo lililomtoa woga. Siku hizi tukipita barabarani anasoma kila bango kwa sauti, duka la dawa, wakala wa pesa, mpaka maandishi ya nyuma ya bajaji.

Hatulipi chochote. Tuisheni ya mtaani inataka hela kila siku, na siku ambayo huna, mtoto anabaki nyumbani.

Shida ni njaa. Mtoto ameingia shuleni asubuhi, ikifika saa tisa alasiri macho yamelegea. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku za masomo uone, haifiki hata shilingi mia kwa siku. Humo utoe uji? Umpe posho mwalimu anayebaki mpaka jioni? Kwenye kikao cha wazazi tulikubaliana tuchange unga na sukari kwa hiari, na siku ambayo uji upo watoto wanabaki wengi. Bado nasema mchango wetu usigeuzwe kuwa mpango wa kudumu. Uji na posho viwekwe kwenye bajeti.

Kingine kinachoniumiza: mtihani wa darasa la saba wa mwezi wa tisa ukikaribia, walimu wanahamia huko na kundi la wadogo linasimama. Shule inapimwa kwa matokeo ya la saba, hilo nalijua. Lakini huyu wa la tatu mwakani ana upimaji wa darasa la nne, na asipofikia kiwango anarudia darasa. Kama walimu hawatoshi, mimi ningeanza na wadogo.

Maktaba ni habari nyingine. Tunapanda basi la mwendokasi Manzese, tunashuka kituo cha DIT, tunatembea kidogo mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo hilo alilifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na lina sehemu ya watoto. Usitegemee kufundishiwa mtoto pale. Anachagua kitabu mwenyewe, anakaa, anasoma. Kwa aliyeanza kuunganisha maneno panamfaa sana, ila ambaye bado yuko kwenye silabi atahitaji ukae naye. Tatizo ni umbali: mzazi wa Chanika au Mbagala atatumia nauli na nusu siku njiani. Kila kata ingekuwa na chumba cha vitabu kinachofunguliwa likizo, hata darasa moja tu la shule, watoto wetu wasingerudi mwezi wa saba wamesahau.

Ukitaka kumwandikisha wako, nenda kamwone mwalimu wa taaluma shuleni kwake. Muulize watoto wanapangwa kwa darasa au kwa uwezo wa kusoma, na umuulize mapema nani atabaki na wadogo mwezi wa nane.