Uzoefu wangu: miezi minne na monita ya 4K, inchi 27

Natengeneza kadi za harusi na sendofu hapa Dar. Miaka sita nilitumia monita ya inchi 21.5, pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, mpaka ilipoanza kuchora mstari wa kijani pembeni. Nikajichanga, nikanunua ya 4K ya inchi 27, yenye pikseli 3840 kwa 2160.

Jioni ya kwanza nilidhani nimepigwa. Kioo kikubwa, vitu vyote vidogo kama sisimizi. Picha ya bibi harusi yenye upana wa pikseli 800, ambayo kwenye ile ya zamani ilikuwa karibu sentimita 20 kwa rula, hapa ilikuwa sentimita 12 na nusu. Nikapima tena. Faili lile lile!

Kumbe monita ya zamani ina pikseli kama 102 katika inchi moja, hii ina 163. Tunga shanga 800 za punje kubwa, kisha 800 za punje ndogo, uone mkufu upi mrefu. Ndiyo hivyo tu.

Kosa nalo lilikuwa langu. Windows ilikuwa imejipangia ukuzaji wa maandishi na alama wa asilimia 150, mimi nikaushusha hadi 100 nikidhani ndiyo 4K yenyewe. Jirani yangu wa duka akaniambia nishushe rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, iwe 1920 kwa 1080. Picha zikawa kubwa kweli, ila maandishi yakaingia ukungu. Nikarudisha 3840, nikarudisha 150, macho yakapumzika. Angalizo: programu ya kuhariri picha haijali hiyo 150. Ukiiambia asilimia 100, inaweka pikseli moja kwa pikseli moja, na picha inasinyaa palepale.

Kilichokaribia kuniponza ni uzuri wake. Picha ya pikseli 800 ikishabanwa kwenye sentimita 12 inaonekana kali mno, hadi unyusi mmoja mmoja. Nikaitandaza kwenye kadi nzima ya A5 nikiwa na amani kabisa. Nilipochapa moja ya majaribio, uso wa bibi harusi ulikuwa laini kama umepakwa mafuta. A5 ya kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 1748 kwa 2480. 800 ni chini ya nusu ya upana huo. Nikampigia mama yake anitafutie picha halisi kutoka kwa mpiga picha, siyo ile iliyopita WhatsApp.

Mengine: rangi nzuri, kioo hakirudishi mwanga wa dirishani. Mguu haupandi wala haushuki, kwa hiyo monita imekaa juu ya rimu mbili za karatasi. Na tundu la HDMI la laptopu yangu, la waya wa kupeleka picha kwenye monita, ni la zamani; picha ya 4K linaibadilisha mara 30 tu kwa sekunde. Mshale wa mausi ulikuwa unaburuzika mpaka nilipohamia tundu jingine la picha, DisplayPort, ikawa 60.

Kwa anayechapa kazi ndogondogo, naipendekeza, mradi rula iwe karibu. Ile ya zamani nimeigeuzia upande wa wateja, maana kwenye mpya mama mmoja aliniuliza, “Mwanangu, mbona umempunguza binti yangu?” Mstari wa kijani hakuna aliyewahi kuuliza.