Wakala wa ajira aliyenitafutia mbunifu majengo hapa Arusha: uzoefu wangu

Ofisi yetu ya Njiro ni ndogo, inachora nyumba na kuijenga yenyewe, kwa hiyo mbunifu majengo tunayemhitaji ni yule anayechora asubuhi na mchana akawa saiti anakagua lenta pamoja na mafundi. Nilimweleza hayo wakala wa ajira wa hapa mjini, kwa mdomo na kwa maandishi, kisha nikalipa nusu ya ada.

Waliyemleta ana uzoefu kweli, na jina lake limo katika daftari la AQRB, yaani Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hapo sina ugomvi. Hata hivyo, usajili chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 unathibitisha taaluma ya mtu, haukuambii kama amewahi kusimamia umwagaji wa zege. Huyu miaka yake yote aliifanyia ofisi kubwa ya Dar es Salaam, ambako yeye alichora na wengine wakasimamia.

Mambo yaliharibika kwenye ngazi ya nyumba moja ya ghorofa kule Moshono. Mbao zilikwisha kupigwa na nondo kufungwa, fundi mkuu akavuta futi kutoka kidato hadi chini ya boriti, akasoma mita 1.75, wakati nafasi hiyo haifai kupungua mita 2. "Injinia, hapa mwenye nyumba atajigonga kichwa kila akipanda kulala," alisema kwa upole. Mbunifu, bila hata kuitazama futi, akamjibu, "Mzee, wewe jenga kama ilivyochorwa." Tulibomoa yote.

Nilipompigia wakala, sikuulizwa hata kilichotokea. "Dada, kazi yetu iliisha siku aliporipoti kwako," nikaambiwa, na simu ikakatwa. Hivyo ndivyo anavyojibiwa mteja aliyelipa?

Baadaye mbunifu mwenyewe alinieleza kwamba wakala alimwahidi ukuu wa idara ya usanifu, wachoraji wakiwa chini yake, na saiti ya kwenda mara moja moja. Idara gani, katika ofisi yenye meza nne? Kumbe naye alidanganywa. Alimwomba radhi fundi mbele ya vibarua, na michoro yake ya sasa inaonyesha kila kidato na kimo kilichobaki juu yake, kazi safi ambayo sijaiona kwa mwingine. Nilikuwa nimekusudia kuwaonya watu wasimkaribie wakala huyu kabisa; haki inanilazimu kusema kwamba mtu mzuri nimempata kupitia kwake.

Lakini kila nikiikumbuka simu ile, sifa hiyo nairudisha kwa mbunifu na fundi, kwa kuwa wao ndio waliorekebisha kilichovurugwa na wakala. Sasa wananidai nusu iliyobaki. Nimewaandikia gharama ya mbao, nondo na vibarua wa ngazi ile ikatwe humo, na mpaka leo hawajajibu. Sitalipa hadi wajibu.