AeroPress Go kambini: nzuri kwa mmoja au wawili, balaa kwa wanne

Ukiwa unalala kwenye hema peke yako au na mwenzako mmoja, AeroPress Go, kifaa kidogo cha plastiki kinachosukuma kahawa kwa pistoni kupitia karatasi ya kuchujia, ndiyo ninayoipendekeza kuliko chombo kingine chochote cha kahawa. Nyumbani chujio la koni linaweza kuishinda kwa usafi wa ladha, maana huko kuna birika lenye mdomo mwembamba, mizani na mikono iliyotulia. Kambini kahawa huharibiwa na upepo, maji yanayopoa upesi na vipimo vya kukisia, na baada ya kunywa unabaki na vyombo vichafu na maji kidogo ya kuvioshea. Kifaa hiki kinavumilia hayo yote. Lakini hakiwezi kuficha kahawa iliyosagwa ovyo, na watu wakifika wanne kinageuka adhabu kwa anayepika.

AeroPress ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 2005. Aliyeibuni ni Alan Adler, Mmarekani ambaye tayari alijulikana kwa kisahani cha kurusha kiitwacho Aerobie. Go ilikuja mwaka 2019, fupi kidogo kuliko ya awali, na vipande vyake vyote huingia ndani ya kikombe chake chenyewe: silinda, pistoni yenye mpira mwishoni, kofia yenye matundu, kijiko cha kupimia, kijiti cha kukorogea kinachokunjwa na kibweta kidogo cha karatasi za kuchujia. Plastiki yake ni polipropilini, haivunjiki hata begi likitupwa chini, wala haipitishi joto haraka kama chuma. Asubuhi ya baridi hilo la mwisho utalihisi mdomoni.

Namna ya kupika ninayoiamini kambini ni hii: gramu 15 za kahawa kwa mililita 200 za maji. Weka karatasi moja ndani ya kofia na uilowanishe kwa matone machache ili ilale sawasawa. Ukingo ukijikunja tu, mashapo yatapita na utayatafuna. Funga kofia hadi ikaze, simamisha silinda juu ya kikombe, weka kahawa na uitikise kidogo isawazike. Mimina kama mililita 50, koroga mpaka pasibaki donge kavu, kisha ongeza maji yaliyobaki. Hapo usizubae, kwa sababu maji yameshaanza kudondoka chini kabla hayajaiva na kahawa. Chomeka pistoni mara moja, iingie kama sentimita moja, halafu ivute juu kidogo sana bila kuitoa. Hewa iliyonaswa humo itayashika maji na matone yatakoma.

Subiri hadi itimie dakika moja na nusu tangu umimine maji ya kwanza. Shika silinda na pistoni kwa pamoja, zungusha taratibu mara mbili tatu ili kahawa iliyoelea ishuke, kisha sukuma. Kusukuma kuchukue kama sekunde 30, kwa uzito wa mkono na bega. Ukihisi pistoni imegoma, usiishindilie. Punguza nguvu, ngoja kidogo, endelea. Mara usikiapo hewa ikifoka kupitia kwenye kahawa, acha. Matone ya baada ya hapo ni machungu na hayaongezi chochote kikombeni.

Wapo wanaokipindua kifaa, kofia juu na pistoni chini, ili maji yasidondoke kabisa wakati wa kusubiri. Namna hiyo imeenea sana miongoni mwa washindani wa mashindano ya dunia ya AeroPress, yaliyoanza Oslo mwaka 2008, na juu ya meza tambarare haina neno. Kambini siipendekezi hata kidogo. Juu ya jiwe lililoinama au meza ya kukunja, silinda iliyojaa maji ya moto ikisimama kwa mpira wa pistoni peke yake inaweza kuanguka kwa kuguswa na mkono wa koti, na kuungua mbali na hospitali si jambo dogo. Ile hila ya kuvuta pistoni juu kidogo inakupa karibu faida ile ile bila hatari hiyo.

Angalia pia unasukumia juu ya nini. Kikombe cha Go ni kigumu na silinda inakaa juu yake vizuri. Ukitumia kikombe chako, mdomo wake usiwe mpana kuliko ukingo wa silinda, la sivyo kifaa kitazama ndani, na usiwe wa bati jepesi linalobonyea. Weka kikombe chini, kwenye jiwe bapa au ardhi iliyoshindiliwa, upige goti na kusukuma wima. Meza ya kukunja huyumba wakati ule ule unaoweka uzito.

Sasa maji, ambako makosa mengi ya kambini huanzia. Kwa miaka mingi watengenezaji walishauri nyuzijoto 80 hadi 85. Kwa kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ushauri huo ni sahihi. Iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi hafifu, inahitaji maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, la sivyo inatoka na ugwadu na nyepesi mdomoni. Ukiwa juu milimani hesabu inabadilika: kila mita 300 za mwinuko hupunguza joto la kuchemka kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mita 3,000 maji yanatokota yakiwa na nyuzi 90 hivi, na kwenye mita 4,000 ni kama 87. Huko hakuna cha kungoja yapoe. Mimina moja kwa moja kutoka jikoni, saga laini zaidi kidogo na ongeza nusu dakika hadi dakika nzima ya kusubiri. Pasha silinda na kikombe kwa funda la maji ya moto kwanza, ulimwage. Plastiki na chuma baridi hunyang'anya maji nyuzi kadhaa kabla hayajaigusa kahawa.

Kama maji ni ya mto au ziwa, karatasi ya AeroPress haichuji vijidudu. Yachemshe yatokote kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, ndipo uyaache yapoe kidogo kama kahawa yako imekaangwa hadi kuwa nyeusi. Maji yaliyotiwa vidonge vya klorini yana harufu inayojitokeza wazi ndani ya kahawa. Yakiwa yameshakamilisha muda wake wa kuua vijidudu, yaache kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha na harufu itapungua.

Jiko la gesi linalolegea alfajiri lina sababu yake. Gesi ya byuteni huacha kugeuka mvuke joto linapofika karibu na nyuzi 0, kwa hiyo mtungi uliojaa bado unaweza kutoa mwali wa mshumaa. Chagua mtungi wenye mchanganyiko wa isobyuteni na propeni, na ulale nao ndani ya mfuko wa kulalia. Kingaupepo hupunguza sana gesi inayotumika, lakini jiko likiwa limekaa juu ya mtungi usilizungushie pande zote: joto likirudi kwenye mtungi linaweza kuupasua. Wala usiwashe jiko ndani ya hema. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Fedha uliyokusudia kuiongeza kwenye vifaa iende kwenye kinu cha mkono. Kahawa iliyosagwa siku nyingi kabla hupoteza harufu hata ukiifunga vizuri, na kinu cha visu vinavyozunguka hutoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja: vumbi linaziba karatasi na kuleta uchungu, vipande vikubwa vinabaki vibichi. Tafuta chenye meno ya chuma ya umbo la koni na mwili mwembamba, wa kubeba kama gramu 20. Saga ifanane na chumvi ya mezani, kisha rekebisha kwa ulimi. Kikombe chapwa chenye ugwadu kinataka kahawa laini zaidi au maji ya moto zaidi, na kambini kwa kawaida mkosaji ni maji. Kikiwa kichungu na kinakausha ulimi, saga kubwa kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, usichanganye. Mizani iache nyumbani, ila pima kabla ya kuondoka: fungasha buni katika vifuko vya gramu 15, kila kifuko kikombe kimoja.

Kwa watu wawili, pika kahawa nzito kwa mkupuo mmoja: gramu 25 kwa mililita 180 za maji, kisha gawa sawa na kila kikombe ukiongeze mililita 90 za maji ya moto. Kinu cha gramu 20 kitakulazimu kusaga mara mbili. Silinda itakuwa imejaa, hivyo mimina pole pole, kwa sababu kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa povu linaloweza kupanda hadi ukingoni.

Kasoro zake? Kifuniko cha kikombe ni cha kufungia vifaa tu, hakina tundu la kunywea. Kikombe chenyewe hakitunzi joto muda mrefu. Kijiti kinachokunjwa ni chepesi mno, na hupotea kwenye nyasi kwa urahisi. Kijiko chochote kirefu kinafanya kazi yake. Karatasi zikilowa zinashikana, basi weka akiba katika kifuko kisichopitisha maji. Chujio la chuma linaondoa shida ya karatasi, ila linapitisha mafuta na vumbi la kahawa, na kinywaji kinakuwa kizito zaidi. Wengine wanalipenda, mimi kwa kahawa iliyokaangwa kidogo narudi kwenye karatasi.

Usafishaji ndio unaonifanya niivumilie Go pamoja na kasoro hizo. Fungua kofia, sukuma pistoni hadi mwisho, na machicha yanatoka kama kidonge kimoja kikavu pamoja na karatasi yake. Yapokee kwenye mfuko wa taka na uondoke nayo, usiyatupe mtoni wala vichakani. Suuza mpira kwa maji yasiyofika nusu kikombe na umemaliza. Unapoifungasha, pistoni iwe imesukumwa mpaka mpira utokeze upande wa pili wa silinda. Ukiachwa umebanwa katikati kwa wiki kadhaa, hupoteza umbo na kuanza kuvujisha hewa, na ile hila ya kuzuia matone haitashika tena. Mpira huuzwa peke yake, huna haja ya kununua kifaa kizima.

Kwa wanne au zaidi, iache begini na uchukue sufuria. Pima gramu 60 kwa kila lita, kahawa iwe imesagwa kubwa. Chemsha maji, epua, ngoja nusu dakika, tia kahawa, koroga na ufunike. Baada ya dakika 4 koroga juu tena ili tabaka lililoelea lizame, nyunyizia maji baridi kiasi cha vijiko viwili, subiri dakika nyingine mbili. Mimina kwa mkono uliotulia, sufuria isirudi wima kati ya kikombe na kikombe, maana kila ikirudi mashapo yanaamka. Sentimita ya mwisho ibaki humo humo.