Uzoefu wangu: miaka minne katika shule ya Kikristo ya maandalizi ya chuo kikuu

Binti yangu amehitimu baada ya miaka minne katika shule ya sekondari ya Kikristo inayowaandaa wanafunzi kwa masomo ya chuo kikuu. Kilichonifanya nimwandikishe pale ni kijitabu cha malengo na falsafa ya elimu nilichopewa siku nilipokwenda kuiona shule, kuliko matokeo ya mitihani au uzuri wa majengo, kwa hiyo naona ni haki niipime kwa kipimo ilichojiwekea yenyewe. Jina lake nitalihifadhi, maana ninayo ya kusifu na ya kulalamikia.

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu hicho ulijengwa juu ya Luka 2:52, panaposimuliwa jinsi Yesu alivyokua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Malengo yote ya ujifunzaji yakapangwa chini ya mambo hayo manne, yaani akili, mwili, imani na maisha pamoja na watu. Shule nyingi za Kikristo hutumia mpangilio huo, na peke yake usingenishawishi. Kilichonivuta ni aya iliyofuata, iliyosema kwamba shule haitenganishi masomo ya dini na masomo ya dunia, kwa kuwa kweli, popote inapopatikana, ni mali ya Mungu. Wazo hilo Augustino wa Hippo alikwisha kuliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kulinukuu ni kazi nyepesi; nilitaka kuona litafanya nini likifika kwenye somo la biolojia.

Nilitarajia moja kati ya mawili: ama mada ya mageuko ya viumbe ingerukwa kwa haraka, ama ingefundishwa yote na imani ikaachiwa mwalimu wa Biblia. Mwalimu wa biolojia aliifundisha kikamilifu, pamoja na uteuzi asilia, visukuku na ushahidi wa vinasaba, na wanafunzi wakafanyiwa mtihani mgumu. Kisha yeye na mwalimu wa Biblia wakaingia darasani pamoja kwa vipindi viwili, wakaeleza namna mbalimbali ambazo Wakristo wameisoma sura ya kwanza ya Mwanzo, tangu wanaozihesabu siku sita kuwa siku za kawaida hadi wanaoiona sura nzima kuwa na mpangilio wa kishairi. Walimu wale wawili hawakukubaliana katika kila jambo, wala hawakuficha. Binti yangu alirudi nyumbani na maswali ambayo mimi mwenyewe, niliyelelewa kanisani, sikuwahi kuruhusiwa kuyauliza.

Lakini kama ningetakiwa kuonyesha kitu kimoja tu kilichostahili karo niliyolipa, ningetoa insha yake ya mwaka wa pili kuhusu msamaha na haki. Rasimu ya kwanza ilikuwa safi, yenye mistari mitatu ya Biblia na hitimisho la kupendeza. Mwalimu hakuipa alama. Aliandika pembeni kwa penseli: “Hapa umeandika unachodhani nataka kukisikia. Nipe hoja nzito kuliko zote ya mtu asiyekubaliana nawe, uiandike hivi kwamba yeye mwenyewe angeikubali.” Binti yangu alilia, akakasirika, akaandika upya mara nne. Rasimu ya mwisho haina umaridadi wa ile ya kwanza, ina sentensi mbili ndefu mno, na ndiyo ya kwanza ambamo niliisikia sauti yake mwenyewe. Maandalizi ya mitihani ya kujiunga na chuo yalikuwa ya kutosha tu, na sina la kuongeza hapo. Yaliyomwandaa kweli ni yale maandishi ya penseli.

Malalamiko yangu yanahusu malengo mawili, la huduma na la wito. Kijitabu kilisema mwanafunzi atajifunza kumtumikia jirani kwa hiari. Kwa vitendo, huduma ilikuwa saa 25 kwa mwaka, zikijazwa kwenye fomu na kutiwa saini na mtu mzima, na asiyezifikisha alinyimwa alama ya tabia. Jioni moja niliombwa kutia saini saa ambayo binti yangu aliitumia kusubiri usafiri. Nilikataa, tukanuniana siku nzima, ingawa najua fomu ile ndiyo iliyomfundisha hesabu hiyo. Nilipomwandikia mkuu wa shule, alijibu kwa heshima kwamba bila kuhesabu wengine wasingetumikia kabisa. Huenda ni kweli, ila hapo neno “hiari” lingepaswa kuondolewa.

La wito liliniuma zaidi. Tuliambiwa kwamba kila kazi halali ni wito wa Mungu, na kwamba shule ingemsaidia kila mwanafunzi kuutambua wake. Mwaka wa mwisho ulipofika, ukutani karibu na ukumbi wa ibada paliwekwa ubao wa majina ya wanafunzi na vyuo vikuu vilivyowapokea. Rafiki wa binti yangu, aliyechagua kwenda kujifunza useremala, jina lake halikuwekwa. Mvutano huu ni wa tangu zamani katika shule za aina hii: hati ya mwaka 1781 iliyoanzisha Phillips Exeter Academy, huko Marekani, inaonya kwamba wema bila maarifa ni dhaifu, na maarifa bila wema ni hatari. Ubao ule ulipima upande mmoja tu wa onyo hilo, tena kwa jina la chuo, si kwa maarifa yenyewe.

Mzazi anayefikiria shule ya namna hii namshauri akisome kijitabu cha malengo, kisha aombe kuona insha moja iliyosahihishwa, na atembee ukumbini atazame kilichotundikwa ukutani. Mdogo wake binti yangu ataanza pale muhula ujao, kwa sababu ya mwalimu wa penseli. Pamoja na fomu ya kumwandikisha nimepeleka barua kuhusu ule ubao, na jibu bado nalisubiri.