Kozi ya Kupanga Kampeni ya Mitandao ya Kijamii kwa Wanaoanza: Imara Kwenye Malengo, Pungufu Kwenye Vipimo

Kozi nyingi za masoko ya mtandaoni humwanzishia mwanafunzi kwenye vifaa: namna ya kufungua ukurasa, namna ya kupanga saa ya kuchapisha, namna ya kuweka maandishi juu ya picha. Kozi ninayoihakiki hapa, ambayo hufundishwa kwa video fupi, karatasi za mazoezi na maoni ya mkufunzi, imechukua njia nyingine. Masomo mawili ya kwanza hupita bila mwanafunzi kugusa mtandao wowote wa kijamii. Kazi yake ni kuandika: kampeni inamlenga nani, inataka nini kitokee, itakoma lini, na itajulikanaje kama imefaulu au imeshindwa. Kwa maoni yangu uamuzi huo peke yake unaiweka mbele ya kozi nyingi za kiwango chake, kwa sababu mtu anayeanza huwa tayari anajua kubandika picha na video, na kinachomkwamisha ni kukosa mpango wa kumwambia abandike nini, lini na kwa ajili ya nani.

Zoezi la kuandika lengo ndilo bora kuliko yote. Mfano unaotumika ni wa maktaba inayotaka vijana wajiunge na klabu yake ya usomaji. Lengo la kwanza linaloandikwa ni "kuitangaza klabu kwa vijana", na mkufunzi analirudisha kwa swali moja: utajuaje kwamba umeitangaza? Lengo la pili ni "kupata wafuasi wengi zaidi", nalo linarudishwa pia, safari hii kwa kuuliza mfuasi asiyejiunga na klabu anaisaidiaje maktaba. Lengo linalokubaliwa ni hili: vijana 40 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wawe wamejaza fomu ya kujiunga kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kumwona mtu akisukumwa hatua kwa hatua kutoka kwenye maneno ya jumla hadi kwenye sentensi inayoweza kuhesabiwa kunafundisha kuliko ufafanuzi wowote wa neno "lengo", na ningependa kila anayefundisha somo hili aige mtindo huo.

Kozi inatumia vigezo vitano mashuhuri vya SMART, ambavyo George Doran aliviandika mwaka 1981: lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liwe na uhalisia na liwe na muda. Hapa nina neno. Katika makala ya Doran mwenyewe, herufi ya tatu haikuhusu kufikika; ilitaka lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa kulitekeleza. Mafunzo mengi ya baadaye yamebadilisha kigezo hicho, na kozi hii imeyafuata, ingawa kwa kampeni ya mitandao ya kijamii toleo la awali lina manufaa makubwa zaidi. Kampeni ndogo hudhoofika pale watu wanapouliza maswali chini ya chapisho na hakuna aliyepewa jukumu la kuyajibu. Pengo hilo linajitokeza tena kwenye jedwali la kalenda ya maudhui ambalo mwanafunzi hupewa: kuna safu ya tarehe, ya mtandao, ya ujumbe, ya picha au video, na ya hatua ambayo msomaji anaombwa kuchukua, lakini hakuna safu ya jina la mhusika. Mwanafunzi aiongeze mwenyewe kabla ya kujaza chochote.

Somo la walengwa limefikiriwa vizuri. Badala ya kumruhusu mwanafunzi aandike "wanawake na wanaume wa miaka 18 hadi 65", maelezo yasiyomsaidia kuchagua hata neno moja la tangazo, linamtuma akasome maoni ya watu halisi chini ya kurasa za taasisi zinazofanya kazi kama yake, na kunakili maswali yanayojirudia kwa maneno yale yale waliyotumia waulizaji. Baadaye maneno hayo ndiyo yanayogeuka kuwa vichwa vya machapisho. Somo hilo pia linamfungulia Maktaba ya Matangazo ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram; ni tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuitembelea bila malipo ili kuona matangazo yanayoendelea kwenye Facebook na Instagram pamoja na tarehe yalipoanza kuonyeshwa. Mkufunzi anaeleza kwa uangalifu kwamba tangazo lililodumu muda mrefu ni dalili tu kuwa mwenyewe bado anaona inafaa kulilipia, na kwamba dalili hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuliiga. Nimefurahi kuona tahadhari hiyo ikitolewa mapema, kabla mwanafunzi hajaanza kuamini kila anachokiona.

Kuhusu uchaguzi wa mitandao, kozi ni fupi na ina haki ya kuwa fupi. Inashauri kuanza na mtandao mmoja au miwili, ule ambao walengwa wameshauzoea, na inatofautisha vya kutosha TikTok, ambako video inaweza kuwafikia watu wasiomfuata aliyeitoa, na WhatsApp Business, iliyozinduliwa mwaka 2018, ambayo nguvu yake iko katika kuendeleza mazungumzo na watu ambao tayari wamewasiliana nawe.

Udhaifu unaanza kwenye somo la matangazo ya kulipia. Maelezo ya ngazi tatu za mfumo wa Meta, yaani kampeni, seti ya matangazo (kundi la matangazo yanayowalenga watu wale wale) na tangazo lenyewe, ni mazuri na yanaeleweka. Lakini video bado zinaonyesha orodha ya zamani yenye malengo 11 ya kampeni, ilhali Meta imekwisha kuyapunguza hadi 6: kutambulika, kuleta watembeleaji, kushirikisha watu, kupata wateja watarajiwa, kutangaza programu, na mauzo. Anayeanza akifungua ukurasa wake na kukuta kitu tofauti na alichofundishwa, hupoteza ujasiri ambao masomo ya kwanza yalimjengea. Jambo zito zaidi ni kwamba kozi haisemi kwa uwazi jinsi lengo linalochaguliwa kwenye orodha hiyo linavyoamua tangazo litaonyeshwa kwa nani. Maktaba ya mfano wetu ikichagua kuleta watembeleaji, mfumo utawatafuta watu wenye mazoea ya kubofya viungo, na hao si lazima wawe watu wenye mazoea ya kujaza fomu.

Vilevile hakuna onyo kuhusu kuigawa bajeti vipande vipande. Mwongozo wa Meta umekuwa ukitaja takriban matokeo 50 kwa wiki kwa kila seti ya matangazo ili mfumo utoke katika hatua ya kujifunza, yaani kipindi ambacho bado unajaribu tangazo lionyeshwe kwa nani, na utendaji wake utulie. Mtu mwenye bajeti ndogo akiunda seti tano kwa ajili ya makundi matano ya walengwa, kila seti itapata fedha chache mno kufikia idadi hiyo, na mwishoni hataweza kusema kwa uhakika ni kundi lipi lililomfaa. Seti moja au mbili zingemfundisha mengi zaidi.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye vipimo. Kozi inaeleza jinsi ya kuweka lebo kwenye viungo, zile herufi za utm zinazoongezwa mwishoni mwa anwani ili kuonyesha mtembeleaji ametoka mtandao gani, kwa njia gani na kupitia kampeni ipi. Inafanya hivyo kwa usahihi, na inakumbusha jambo ambalo wengi hulipuuza, kwamba Google Analytics, huduma ya kuhesabu watembeleaji wa tovuti, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo "Instagram" na "instagram" vitahesabiwa kama vyanzo viwili. Lakini maelezo haya yote yamewekwa katika somo la mwisho, baada ya mwanafunzi kuzindua kampeni yake ya mazoezi. Mtu aliyepita kwenye kiungo kisicho na lebo hawezi kuwekewa lebo baadaye, kwa hiyo mwanafunzi anafika kwenye somo la tathmini akiwa na takwimu zisizomwambia chochote kuhusu kilicholeta matokeo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu ndogo. Tuseme chapisho la kwanza limeonyeshwa mara 10,000, limepata alama 900 za kupendwa, limebofywa mara 30 na kuleta vijana 2 waliojiunga. Chapisho la pili limeonyeshwa mara 2,000, limepata alama 60 za kupendwa, limebofywa mara 50 na kuleta vijana 12. La kwanza lina kiwango cha kubofywa cha asilimia 0.3, la pili asilimia 2.5. Asiyekuwa na lebo ataziona alama 900, atalisifu chapisho la kwanza na kuandaa mengine ya aina hiyo, huku lililofanya kazi likiachwa.

Kuna pia suala la takwimu zisizolingana, ambalo kozi inalipita kimya. Tangu Aprili 2021, Apple inazitaka programu kwenye simu zake ziombe ruhusa ya mtumiaji kabla ya kumfuatilia katika programu na tovuti za kampuni nyingine, na hiyo ni mojawapo ya sababu ripoti ya matangazo na ripoti ya tovuti kutofautiana. Anayeanza akikosa kuambiwa hivyo, atadhani ameharibu kitu, na huenda akabomoa mpangilio uliokuwa sahihi.

Maoni ya mkufunzi ni ya kina, yanaijadili kazi ya mwanafunzi mstari kwa mstari, na kazi ya mwisho, ambayo ni mpango mzima katika ukurasa mmoja, inambana mwandishi aache kila kisichohusiana na lengo lake. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanga kampeni ninaipendekeza kozi hii bila kusita. Anayeendesha tayari matangazo ya kulipia atanufaika na masomo mawili ya kwanza na atayakuta mengine ni mepesi. Kwa kuwa masomo yote huwa wazi tangu siku ya kujiandikisha, namshauri mwanafunzi alisome somo la lebo mara tu baada ya lile la kalenda, aongeze kwenye jedwali lake safu ya mhusika na safu ya kiungo chenye lebo, kisha ndipo aendelee na somo la uzinduzi.